Matairi ya Baba Yako Mdogo

Iguguno, Jumapili jioni

Mwanangu Winfrida,

Shikamoo zako za leo nimezipokea zote, pamoja na ile uliyonipa mara ya pili mbele ya wageni kwa kusahau, kwa hiyo mambo ya salamu tuyaache. Habari za nyumbani nazo unazijua, maana bado upo. Hapa nilipo nakusikia unabishana na mama yako juu ya mablanketi. Yachukue yote. Makete si Singida.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema mbele ya wageni, na kesho asubuhi kutakuwa na sala, picha na kuagana, hakuna atakayenisikiliza. Wewe mwenyewe ukinisikia nimetaja tairi huwa unacheka. "Baba, upepo tena?" Ndiyo, upepo tena. Barua hii utaikuta kwenye kiti cha dereva. Isome kabla hujawasha gari.

Maagizo ya kila siku sina. Kula, kulala, kusali, marafiki wa kukaa nao, hayo mama yako amekuambia wiki nzima na bado anaendelea. Mimi ninachokijua ni kidogo. Nimeendesha malori karibu maisha yangu yote, nikabeba alizeti na vitunguu vya watu, na elimu yote niliyoipata humo inahusu vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara. Kila kimoja hakizidi sana kiganja changu. Wewe, pikapu yako na viazi utakavyokuwa unavibeba kutoka mashambani mtakaa juu ya viganja hivyo, kwenye milima ambayo asubuhi nyasi zake huwa nyeupe kwa baridi.

Sasa nianze na zawadi ya jana. Baba yako mdogo Msengi alipoingia na yale matairi manne juu ya guta, mama yako alipiga vigelegele na wewe ulimkumbatia mpaka fimbo yake ikaanguka. Ulifanya vizuri. Unajua kwetu zawadi ya safari hutumika mbele ya aliyeitoa. Kitenge hufungwa hapo hapo, kiatu huvaliwa hapo hapo. Ukiiweka kando umemwambia hukuipenda. Ndiyo maana fundi aliitwa kabla ya chai, na matairi yakavaliwa na gari lako mbele ya watu wote.

Niliinama kama ninayekagua nati. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mpira. Tairi zuri ukilikwaruza ukucha unazama kidogo. Pale ilikuwa kama nimekwaruza kwato ya ng'ombe. Nikasimama, nikamwambia, "Ahsante sana, mdogo wangu." Nilimaanisha. Jioni sikula vizuri, mama yako akadhani ni kwa sababu unaondoka, na hilo nalo lilikuwemo.

Ili unielewe lazima nikurudishe kwenye mteremko wa Sekenke. Unajua baba yako mdogo aliumia mguu pale, na unajua mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Hilo halijawahi kufichwa. Ila hujawahi kusikia namna ilivyokuwa, kwa sababu hatulizungumzi. Mgeni akianzisha habari ya Sekenke, Msengi hutoka nje kwenda kuangalia mbuzi, hata kama mbuzi wameshafungwa.

Ulikuwa ndiyo umeanza shule. Vitunguu vilikuwa vya Msengi, mavuno yake ya kwanza ya maana, na mimi nilikuwa naendesha lori la tajiri mmoja wa Singida. Shamba lilikuwa ng'ambo ya Ndurumo. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga, na lori limejaa mpaka juu. Basi nikafanya kile ambacho dereva yeyote wa Mkalama anakifanya bila kufikiri: nikapunguza upepo kwenye matairi. Tairi likilegea linapanuka, linakanyaga mchanga kama mguu wa mtu aliyevua viatu. Lisipolegezwa linachimba, mnalala hapo. Tulivuka vizuri. Watu waliokuja kutusukuma walirudi nyumbani bila kusukuma.

Ukishavuka unatakiwa kujaza tena. Nilijaza kidogo tu, kwa pampu ya mkono, nikachoka. Jioni tulifika Misigiri, juu ya mteremko huo, nikaweka geji. Namba haikuwa mbaya. Geji ilisema kweli, lakini ilisema kweli ya jioni. Matairi yalikuwa yametoka kukimbia kwenye jua, yana joto, na upepo ukipata moto ndani ya tairi unavimba. Nilikuwa najua hilo. Nililijua kama mtu anavyojua jina la jirani asiyemsalimu.

Tulilala pale. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu yenye kipupwe kinachoingia mpaka kwenye fizi. Na alfajiri ikanyunya. Mvua ya Julai huku ni kitu cha ajabu, na haikuwa mvua hasa, ilikuwa manyunyu ya kulowesha vumbi. Barabara iliyokaa miezi bila mvua ina vumbi, ina mafuta ya magari, na manyunyu ya kwanza huyachanganya yote yakawa kama uji. Mvua kubwa ingeyaosha. Manyunyu hayaoshi kitu.

Niliyaangalia matairi kwa macho. Yalikuwa yamelegea kuliko jana, kwa sababu usiku upepo ulipoa ukasinyaa, bila pancha wala nini. Msengi akaniuliza, "Kaka, hatujazi?"

Nikamwambia, "Acha hivyo hivyo. Barabara inateleza, yakilegea ndiyo yatashika."

Hayo ndiyo makosa yetu sisi watu wa mchanga. Mto wetu ulitufundisha kwamba tairi laini hushika, nasi tukadhani umetufundisha habari za dunia nzima. Lami yenye maji si mchanga. Kwenye mchanga unataka kupanua unyayo usizame. Kwenye lami yenye maji unataka ile mikato ya tairi ibaki wazi, iyapitishe maji pembeni, mpira uguse barabara yenyewe. Tairi lililopungukiwa upepo linabonyea katikati, linaegemea kingo zake, mikato inajibana, na maji yanabaki chini yako. Juu ya hapo usukani unakuwa mvivu: unaugeuza, tairi linafikiri kwanza.

Na matairi yenyewe niliyachagua mimi. Yalikuwa ya mtumba, lakini kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwa ndefu. Niliingiza kidole kikazama, nikaridhika. Sikujiuliza kwa nini tairi lililotumika liwe na meno kama halijawahi kutembea.

Kwenye kona ya pili niligusa breki. Usukani ukawa mwepesi mkononi. Ikikupata siku moja, dalili ndiyo hiyo, na haina kelele. Lori halikuyumba, lilikwenda tu lilikotaka, polepole, kama ng'ombe aliyeamua. Likaegemea ukingo wa mlima upande wa abiria. Vitunguu vikaanza kubingirika kuteremka, na nakumbuka nilikuwa nikivitazama, sijui kwa nini, navitazama vitunguu.

Msengi akaniuliza, "Kaka, umeumia?" Mguu wake ulikuwa umebanwa ndani ya mlango.

Niliomba msamaha hospitalini. Alisema, "Achana na hayo, umeleta chai?" Hatukurudia tena. Lakini kuna kitu alitoka nacho kule zaidi ya fimbo. Kila aliyekuja kumtazama alikuwa na maelezo yake, na yaliyopendwa zaidi ni kwamba matairi yalikuwa vipara. Watu husema hivyo kwenye kila ajali. Hayakuwa vipara, nimekuambia yalikuwa na meno. Lakini mtu aliyelala kitandani na mguu umefungwa hana nafasi ya kwenda kukagua. Akaamini. Tangu hapo hapiti karibu na gari bila kutazama kashata zake, na tangu hapo hakai kiti cha mbele. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unagombea kiti cha mbele na unakipata kila mara. Ulidhani wewe ni hodari.

Mimi nilielewa baadaye, kule Nduguti, siku ya mnada. Nilimpelekea mshona katambuga yale matairi, angalau yawe viatu. Alikuwa mzee mwenye maneno machache. Akachomeka kisu chake kwenye mpira, kikateleza. Akajaribu la pili. Akanirudishia.

"Hii imekauka, bwana," akasema. "Nikimshonea mtu, asubuhi ataanguka kwenye umande, arudi kunitukana."

Nikamwambia kashata zake ni nzuri. Akanijibu, "Kashata ndiyo inavaliwa?"

Nilirudi Iguguno nikiwa na matairi yasiyofaa hata miguuni. Njiani ndipo nilipopanga mambo kichwani. Mpira una umri. Ukikaa stoo miaka haupungui meno, lakini ulaini unakwisha, na baridi inaumalizia kabisa. Hata mpira mpya hukaza kidogo ukipoa. Ule mzee unakuwa ubao. Mchana wa joto, kwenye vumbi la huku, hutajua, utaendesha miaka. Utajua asubuhi moja yenye baridi na maji, kwenye mteremko.

Kule unakokwenda asubuhi za namna hiyo ni za kawaida. Kwetu baridi ni mgeni wa wiki chache, kule wanalima nayo. Utakuta jua limetoka, barabara imekauka, unaimba, halafu unaingia kona yenye miti ambayo jua halijaifikia na chini bado kuna umande ulioganda. Kona hizo wenyeji wanazijua. Waulize, hata kama watakuona mshamba. Dereva aliyeuliza sijawahi kumwona akidhalilika zaidi ya yule aliyevutwa na trekta.

Ukinunua tairi, pekua ubavuni utafute tarakimu nne za mwisho kwenye ule msururu wa herufi. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Muuzaji atakuonyesha kashata, wewe tafuta tarakimu, kisha ukucha. Na yale yenye meno makubwa makubwa yaachie matope. Masika ya kule yana matope ya kweli, utayahitaji, na utayanunua mapya. Lakini kwenye lami baridi jino kubwa linagusa padogo. Hapo unataka tairi la kawaida, laini, lenye mikato midogo mingi, kila mkato unang'ata kidogo. Na yote manne yawe ndugu. Usiweke mawili hodari nyuma na mawili wazee mbele, halafu ukashangaa gari lina mawazo mawili.

Upepo nao, namba yake imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wako, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Hiyo ni namba ya tairi lililolala. Pima asubuhi, kabla ya kwenda popote. Adhuhuri ukipima ukaona imepanda usipunguze, vinginevyo kesho yake alfajiri utakuwa na tairi la Sekenke. Wala usijaze kupita kiasi ukidhani unajilinda. Likivimba linagusa kwa kitovu peke yake. Na mtu wa kwetu akikuambia kwenye simu, "kukiteleza legeza," mjibu kwamba hapo hakuna mchanga.

Nimeandika kama fundi, naona. Sikukusudia. Kila nikitaka kuandika kitu kingine mkono unarudi kwenye tairi.

Haya, nirudi kwa leo. Mchana ulipokuwa kwa Mama Nkungu unasukwa, na Msengi amelala baada ya kula, nililipeleka gari lako nyuma ya nyumba karibu na langu. Unakumbuka nilivyokusumbua ununue pikapu ya aina moja na yangu, ukasema mzee anataka tufanane. Nilitaka vipuri viingiliane. Basi nikaweka jeki. Matairi yangu ya kawaida, niliyoyanunua mapya baada ya mavuno, nikayatoa nikayavika gari lako. Ya Msengi nikaanza kuyavika langu. Nilitaka nimalize kabla hajaamka. Sikuwa na mpango mwingine. Nilifikiri kesho yatakuwa mavumbi tu na hataona, jambo ambalo ni upuuzi, kwa sababu mtu huyu huona kashata za magari yanayopita.

Nilikuwa kwenye la tatu nikasikia fimbo.

"Kaka, unabadilisha?"

Nikasema nabadilisha.

"Yana kasoro gani?"

Ningeweza kumwambia hayaingii vizuri kwenye rimu. Lilikuja mdomoni, likakaa hapo kidogo. Nikasema, "Yamezeeka, Msengi. Meno yake mazuri, mpira umekauka. Huku kwenye joto, mimi nazunguka taratibu Iguguno na Nduguti, barabara tambarare, yatanisogeza mpaka nivune alizeti ninunue mengine. Kule kwenye baridi yatateleza."

Aliinama. Unajua kuinama kwake kunavyochukua muda. Akapitisha ukucha kama nilivyofanya mimi jana, nikajua kumbe aliniona.

"Kama yale?" akauliza.

Winfrida, hajawahi kuyataja yale matairi tangu siku ile.

"Kama yale," nikamjibu.

Akabaki ameliwekea mkono tairi. "Mimi nilitafuta yenye meno marefu. Nimezunguka mpaka Ulemo. Nilimwambia muuzaji, ni ya mtoto wetu, anakwenda milimani." Kisha akasema, "Walisema yetu yalikuwa vipara."

"Hayakuwa vipara."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatoka nje kila mara."

Akacheka kidogo. Mimi pia. Halafu akageuza ndoo, akaketi, akavua kofia yake, akakusanyia nati zote ndani yake na kunipa moja moja mpaka tukamaliza. Hatukuongea tena habari ya Sekenke. Tuliongea habari ya mbuzi. Nilipoteremsha jeki aliniomba nimwonyeshe tarakimu kwenye matairi yaliyovaliwa na gari lako, akazisoma kwa kidole, akarudia kwa sauti kama mtoto wa shule.

Kwa hiyo asubuhi usishangae ukikuta gari lako na langu yamebadilishana viatu. Na mshukuru tena kwa zawadi yake. Ipo, inatumika, ila inatumika na mimi.

Naogopa, mwanangu. Nimetafuta namna nyingine ya kuliandika hili na sijaipata. Siogopi kwamba utashindwa kazi. Unaendesha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wako, una subira, na ulilirithi jina la mama yangu pamoja na kichwa chake. Naogopa ile asubuhi moja. Siwezi kuja kukaa nawe kila asubuhi, kwa hiyo nimekupa matairi na maneno, ndivyo vitu nilivyokuwa navyo.

Bado neno moja, na hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Tulipokuwa tunanawa mikono Msengi aliniambia atakusindikiza mpaka Singida mjini, halafu atarudi na basi. Nikasema sawa, nyuma nitamwekea godoro. Akasema hapana.

"Nitakaa mbele," akasema, akaingia ndani.

Kesho kutakuwa na baridi, ni Julai. Kabla hujawasha gari toa geji yangu, nimeiacha kwenye mfuko wa mlango, sasa ni yako. Pima yote manne na lile la akiba. Baba yako mdogo atakuwa amesimama pembeni na fimbo yake, anajifanya anatazama mawingu. Usipime kimya kimya. Msomee kila namba kwa sauti, taratibu, na umwonyeshe kibandiko cha mlangoni kinasema nini. Akikuambia urudie, rudia. Kisha zunguka upande wa pili, umfungulie mlango.

Baba yako